Yule mzee wa maikrofoni leo kanivua nguo mbele ya ukumbi mzima

Bibie wa Ngarenaro
Wakuu, naandika nikiwa kwenye tramu, mikono bado inatetemeka. Jina simtaji, hakuna Mbongo wa hapa Strasbourg, Ufaransa, asiyemjua. Ndiye yule yule wa kila kongamano, kila harusi, kila msiba. Ukifungua friji usiku wa manane unaweza kumkuta humo anatoa neno la shukrani.

Leo alikuwa anaongoza mjadala wa Baraza la Ulaya na nchi zisizo wanachama. Mlangoni nikampa shikamoo. Shikamoo nzima, na goti kidogo. Akaipokea. Hilo mlikumbuke.

Basi Moroko ikasifiwa nusu saa. Eti bunge lake ndilo la kwanza kupewa hadhi ya mshirika wa demokrasia na Bunge la Baraza, Juni 2011, wanaingia, wanaongea, kura tu ndiyo hawapigi. Nikanyoosha mkono, nikauliza kistaarabu kabisa: ushirika huo unamsaidia nini Mmoroko aliyeonewa na serikali yake, wakati Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyo hapa hapa mjini haipokei kesi dhidi ya Moroko? Na mbona imerudi Umoja wa Afrika tangu 2017 lakini Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu haijauridhia?

Ukumbi ukaguna ile "mmh" ya swali limeingia. Nikajiona.

Mzee akavua miwani. Akanywa maji. Wakuu, aliyanywa yale maji kama mtu aliyelipwa kwa funda. Akatua glasi, akauliza, "Binti, kwenu wapi?" Nikasema Arusha, tena kwa maringo. Akasema: "Arusha ambako Mahakama ya Afrika mmeipa jengo, wananchi mkawanyang'anya ufunguo?"

Watu walicheka mpaka wakalimani kwenye vibanda wakasahau kazi. Walipokumbuka wakatafsiri, wakacheka waliobaki. NIMECHEKWA KWA AWAMU.

Na swali hakujibu! Alisema "tuendelee", akanywa tena maji. Yale yale! Kwani mimi ndiye niliyeliondoa lile tamko la serikali la kuruhusu raia waishtaki moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika? Novemba 2019 nilikuwa kidato cha tano nahangaika na fizikia! Jengo nililitoa mimi? Ufunguo ninao mimi? Nataka shikamoo yangu irudi.

Kobe Mzee
Chai hii. Lete picha ya glasi.

Mla Ugali wa Robertsau
Si chai, nilikuwepo, nimekaa karibu na mlango. Ila mtoa mada kaficha kitu. Alipoulizwa la ufunguo alijibu "hilo ni suala la kisera" kwa sauti ya mbu.

Bibie wa Ngarenaro
Mwongo! Nilisema "ni suala pana".

Kobe Mzee
Hahahaha afadhali ungenyamaza tu dada.

Wakili Bila Kesi
Mzee kakosea wapi sasa? Tanzania ilitoa tamko la ibara ya 34(6) ya Itifaki ya Mahakama ya Afrika mwaka 2010, ikaliondoa 2019, mwaka mmoja mbele mlango ukafungwa. Raia na asasi hawapeleki tena kesi mpya moja kwa moja. Na mahakama ipo pale pale Barabara ya Dodoma, kwenye majengo ya TANAPA. Jirani unamwona dirishani, hodi hupigi.

Bibie wa Ngarenaro
Najua! Tatizo si ukweli, tatizo ni YALE MAJI.

Mtoto wa Kisauni
Wabongo mwachapana wenyewe kwa wenyewe, raha iliyoje.

Wakili Bila Kesi
Wewe Mkenya kaa kimya. Sisi tumenyang'anywa ufunguo, nyinyi hata kitasa hamjawahi kuweka. Itifaki mmeridhia, tamko hamjatoa mpaka leo. Waogiek, wale wa msitu wa Mau, waliwashinda 2017 kwa sababu Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ile ya Banjul, ndiyo iliyowapelekea kesi. Ile fidia ya 2022, shilingi milioni 157 na ushee, imefika wapi?

Mtoto wa Kisauni
Ah, mimi nilikuja kucheka tu jamani.

Mama Junior
Hawa EU nao wamezidi, kila siku ushirikiano.

Wakili Bila Kesi
Mama, huyu siye EU. Huyu ni Baraza la Ulaya, nchi 46, tangu 1949. EU, yaani Umoja wa Ulaya, ni 27.

Mama Junior
Bendera mbona ni ile ile?

Wakili Bila Kesi
EU waliiazima. Ya Baraza tangu 1955.

Mama Junior
Kwa hiyo hata wao wanaazimana vitu. Basi sawa.

Mla Ugali wa Robertsau
Kinachoniudhi mimi ni Marekani na Japani. Waangalizi wa Baraza tangu miaka ya 90, na hukumu ya kifo wanayo. Mwaka 2001 Bunge la Baraza likawatishia kwamba wasipobadilika hadhi yao itajadiliwa upya. Wapo wamekaa. Lakini Belarus hata uanachama haijaupata, kisa kimojawapo ni hiyo hiyo hukumu ya kifo.

Kobe Mzee
Kinachoniudhi mimi ni zile sambusa. Nimeng'ata ya kwanza hewa, ya pili hewa, ya tatu nikakuta njegere moja inaomba hifadhi.

Mama Junior
Afadhali wewe ulipata tatu! Mimi nimefika meza ina leso tupu. Kuna mtu alikuwa anatia kwenye mkoba, nilimwona.

Mla Ugali wa Robertsau
Mtoa mada, mkoba wako ni wa rangi gani?

Bibie wa Ngarenaro
Nilikuwa na hasira, nilichukua mbili tu.

Mama Junior
Tano. Na nilihesabu.

Mtoto wa Kisauni
Tukiwa hapo hapo, kuna mtu avuka kwenda Kehl, upande wa Ujerumani, Jumamosi? Nataka mchele na sabuni, huku bei yaniua.

Bibie wa Ngarenaro
Mimi naenda, tramu ya saa nne asubuhi. Nitumie hela leo. Mchele wa kilo tano au kumi?