Mjadala: Wadalit wa India waendelee na vyombo vyao vya habari, au wadai viti kwenye magazeti makubwa?

Wakuu, nasikia hoja kwamba vyombo vya mtandaoni vya Wadalit, wale waliowekwa chini kabisa ya matabaka ya kuzaliwa kule India, vinawatenga zaidi. Nakataa. Mwaka 2019 shirika la Oxfam India na tovuti ya habari ya Newslaundry walichunguza nafasi 121 za uongozi katika vyumba vya habari: 106 zilishikwa na watu wa matabaka ya juu. Mdalit hakuwepo hata mmoja, ilhali sensa ya 2011 iliwahesabu zaidi ya milioni 200. Sasa anayewaambia wasubiri kukaribishwa anamtegemea nani afungue mlango?

Wala si mambo ya juzi. Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, kabla hajaongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya India, alianzisha gazeti lake, Mooknayak, Januari 1920. Mwaka 2021 mwanahabari Meena Kotwal akalichukua jina hilo kwa tovuti yake. Na huko Chitrakoot, Uttar Pradesh, tangu 2002 ipo Khabar Lahariya: wanawake wa vijijini, wengi wao Wadalit, walioanza na gazeti la karatasi na leo wanarekodi kwa simu. Pampu ya maji iliyokufa kijijini, nani wa Delhi angeifuata?

Mchangiaji wa pili: Mkuu, hapo ndipo penye tatizo. Ukiwa na chombo chako, utasikilizwa na watu wako. Yule mhariri wa Delhi halazimiki kukusoma, na kiti chake kiko palepale. Halafu kuna mishahara. Matangazo makubwa hayaendi huko, basi kijana mwenye kipaji atakaa miaka mingapi?

Mchangiaji wa tatu: Mnagombea chumba na kumsahau mwenye nyumba. Wengi wao wanategemea YouTube. Kifungu cha 69A cha Sheria ya Teknolojia ya Habari kinaipa serikali mamlaka ya kuamuru maudhui yazuiwe, na amri zenyewe ni za siri. Unaamka chaneli haipo, hujui hata ukate rufaa dhidi ya nini.

Mleta mada: Wa tatu, hilo nakubali, ndiyo maana napenda wenye tovuti yao pembeni. Wa pili, kusikilizwa na wakubwa nako kuna gharama. Filamu kuhusu Khabar Lahariya iliteuliwa kuwania Oscar 2022, dunia ikapiga makofi. Wenyewe wakatoa taarifa: ni filamu yenye nguvu, lakini si sahihi kuwaonyesha kana kwamba kazi yao kubwa ni kuripoti chama kimoja cha siasa. Hao ni watengenezaji waliowapenda! Kuhusu mishahara umenibana. Michango ya wasomaji inasaidia, ila msomaji wao mwenyewe ni kibarua wa shambani. Mwenye njia nyingine aiweke hapa.