Mrejesho: Maji ya kijani ya ziwa, Dunga

Habari zenu wadau. Mimi ndiye niliyeuliza kama kuchemsha kunatosha kwa maji tunayovuta kwa pampu kutoka Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, hapa Dunga, Kisumu, yanapogeuka kijani mazito kama mrenda.

Asanteni sana, hasa aliyeeleza kwamba mikrosistini, sumu ya bakteria wanaoyageuza maji kuwa kijani, haiondoki kwa moto. Kuchemsha huwapasua tu bakteria hao, sumu ikamwagika majini.

Mdomo wa bomba tumeusogeza mbali na ufuo, tukauning'iniza chini ya boya la mtungi mtupu ili usivute utando wa juu. Hapo ndipo tumepata nafuu kubwa. Tunavuta alfajiri, maana upepo wa alasiri husukuma uchafu wote ufuoni. Shabu nayo inafanya kazi: ukikoroga ukaacha maji yatulie, ukijani unazama. Klorini inakuja mwisho, baada ya kuchuja.

Chujio la mchanga ndilo linalotukera. Linaziba upesi, na kukwangua ule utelezi hakuna kijana anayejitolea. Mrututu (salfeti ya shaba) sikuthubutu: unaua bakteria wote kwa mkupuo, sumu inatoka, na samaki je?

Harufu imepungua sana, lakini sumu yenyewe hatujaipima. Kiwango cha juu cha mikrosistini cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 1 kwa lita, na jicho haliwezi kuona hilo. Basi maji haya ni ya kufulia na kupigia deki. Ya kunywa tunakinga ya mvua.