Nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Zanzibar: lipu inabanduka, boriti zinaoza. Naomba ushauri

Mkaa Barazani:
Asalaam alaykum wanajamvi. Nyumba ni ya mawe, ghorofa moja. Chini, lipu ya saruji imevimba hadi usawa wa kifua na inatoa unga mweupe wa chumvi. Juu, boriti mbili zimeoza pale zinapoingia ukutani. Fundi anataka kupiga saruji upya yenye dawa ya kuzuia maji, kisha avunje sakafu ya juu amwage zege la nondo. Nimkubalie?

Chokaa Mbichi:
Waalaykum salaam. Tafadhali usimkubalie. Ukuta huo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Hunyonya maji, kisha huyatoa kwa hewa. Saruji inaziba njia hiyo, basi maji yanapanda kutafuta pa kutokea, na chumvi inayoganda nyuma ya lipu ndiyo inayoibandua. Ukiongeza dawa, unyevu utazidi kupanda.

Kwanza tafuta chanzo: mchirizi uliotoboka, bomba la choo, au njia ya nje iliyoinuliwa ikapita sakafu ya ndani. Saruji iondoe kwa tindo na nyundo nyepesi. Mashine inatikisa na kulegeza mawe. Acha ukuta wazi kiangazi kizima. Chumvi ifagie kwa brashi kavu, kwani ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani.

Lipu mpya ni chokaa 1 kwa mchanga 3, na mchanga usiwe wa pwani. Rowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi milimita 12, lifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Likipigwa nene au likikaushwa na jua, litapasuka. Malizia kwa chokaa ya maji, yaani chokaa iliyozimuliwa ikapakwa kama rangi. Rangi ya plastiki itakurudisha ulikotoka.

Fundi Boriti:
Naongeza la juu. Zege la nondo ni zito mno kwa kuta hizo, na kulipachika lazima ukate ukuta pande zote. Choma kila boriti kwa bisibisi karibu na ukuta. Inapozama, ndipo palipooza. Tegemeza sakafu kwa nguzo, kisha badilisha boriti mojamoja, kamwe si zote kwa pamoja. Mpya ziwe za mkoko, kavu, zimemenywa maganda, za muuzaji mwenye kibali. Ncha zipake dawa ya wadudu na uziachie nafasi ya hewa ndani ya tundu. Usizizungushie saruji, maana hapo ndipo zinapooza.

Madaka, yaani vishubaka vya ukutani, usiyazibe. Na kabla ya tindo la kwanza, chukua kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000.

Mkaa Barazani:
Ahsanteni sana. Jee, chokaa ya mfuko ya dukani inafaa?

Chokaa Mbichi:
Inafaa ikiwa mpya. Iloweke kwenye pipa angalau siku nzima mpaka iwe kama uji mzito, na juu yabaki maji. Mfuko uliokaa wazi usinunue: chokaa yake imeshakula hewa na haitashika tena.