Mzigo wa Kariakoo mpaka Mwanza na Nansio: basi, EMS, ndege au lori?

Spea_Nyakato
Wakuu, naomba tulinganishe kwa makini njia za kuleta mizigo midogo kutoka Kariakoo, kuanzia kilo 2 mpaka 30. Ninayozungumzia ni vioo vya simu, betri, spika, na beringi na mikanda ya mashine za kusaga. Mingine inavuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Ahadi ni ile ile kila mahali, "kesho mchana unao", halafu siku ya tatu simu ya ofisi haipokelewi. Ninavyozijua mimi ni hivi:

Basi linapita Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100. Mzigo ukipakiwa kweli asubuhi Mbezi, kesho yake unatakiwa uwe mkononi. Bei haina fomula, karani anaunyanyua, anautazama, mnaelewana.

EMS, huduma ya Posta ya vifurushi vya haraka, bei yake iko kwa uzito, na una namba ya kufuatilia.

Ndege inakaa angani saa moja na nusu hivi, ila bei yake hupanda kwa namna ambayo wengi hawaielewi.

Lori ni nafuu kwa kilo, lakini haliondoki mpaka lijae. Treni ya SGR abiria wanapanda Dar mpaka Dodoma tangu 2024, kwa hiyo kwetu bado haijatufaa.

Anayejua kazi hii kwa ndani aseme ucheleweshaji unatokea wapi hasa.

Karani_wa_Stendi
Kaka Spea, barabarani mzigo hauchelewi sana. Unachelewa kabla ya kupakiwa na baada ya kushushwa.

Ukikabidhi mzigo ofisi ya Kariakoo, basi haliko pale. Kuna gari dogo linalokusanya mizigo ya ofisi zote za mjini na kuipeleka stendi ya Magufuli, Mbezi. Ukifika Kariakoo gari hilo limeshaondoka, mzigo umelala, hata kama risiti yako ina tarehe ya leo. Kwa hiyo swali la kuuliza dirishani siyo "basi linaondoka saa ngapi?" bali "gari la kwenda Mbezi linatoka hapa saa ngapi?"

Pale Mbezi begi la abiria linatangulia. Msimu wa sikukuu na wanafunzi wanapofunga shule, buti linajaa mabegi na vifurushi vinasubiri basi linalofuata. Hapo ndipo penye tatizo kubwa: risiti iliandikwa namba ya usajili ya basi la kwanza, mzigo ukapanda la pili, na ofisi ya Mwanza inatafuta kwenye orodha ya la kwanza. Mtu anaambiwa "haujafika" wakati uko futi kumi kutoka dirishani.

Dawa yake ni simu moja. Aliyetuma apige baada ya basi kuondoka, aulize namba ya gari lililobeba mzigo, akutumie wewe. Usipokee jibu la "umeshaondoka". Omba namba ya usajili na namba ya simu ya kondakta.

Uliza pia unashushwa wapi. Mwanza ina stendi mbili kubwa, Nyegezi upande wa barabara ya Shinyanga na Nyamhongolo upande wa barabara ya Musoma. Wewe uko Nyakato, Nyamhongolo ni karibu zaidi, lakini mabasi mengi ya Dar yanaanza kushusha Nyegezi. Kama ofisi inahamishia vifurushi mjini, hesabu nusu siku nyingine.

FundiVioo_Makoroboi
Naongezea kwenye kuandika. Karatasi iliyobandikwa kwa selotepu inabanduka ikilowa au ikisuguliwa na mzigo mwingine. Andika kwa maka peni moja kwa moja kwenye boksi, pande mbili: jina, namba mbili za simu za anayepokea, neno MWANZA kwa herufi kubwa, na kituo cha kushushia. Kisha weka karatasi yenye maelezo hayo hayo ndani ya boksi. Boksi likichanika, ile ya ndani ndiyo inayookoa mzigo. Futa maandishi yote ya zamani. Katoni iliyotumika, yenye jina la Kahama lililosahaulika ubavuni, itashushwa Kahama.

Vioo vya simu kwenye basi havivunjwi sana na kuanguka. Vinavunjwa na uzito wa juu yake na kupindika. Panga vioo vimesimama kama sahani kwenye rafu, visilale. Mbele na nyuma ya fungu weka kipande cha plaiwudi nyembamba, funga pamoja kwa selotepu, halafu zungusha sponji au nailoni yenye viputo vya hewa, unene wa sentimita 5 kila upande kabla ya kuingiza kwenye boksi la nje. Tikisa. Ukisikia kitu kinacheza, rudia.

Beringi usiziweke kwenye katoni hata siku moja. Kilo 15 za chuma kwenye boksi dogo zinatoboa kitako mpagazi akilinyanyua mara ya pili. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko inatosha: ina mshikio, haipitishi maji, na hakuna anayeweza kuibana ikapasuka. Mfuniko uzungushie selotepu mara tatu.

Kilo_na_Ujazo
Ndege sasa. Watu wanalalamika wametozwa kilo 16 kwa boksi la kilo 7. Siyo wizi, ni uzito wa ujazo. Pima urefu, upana na kimo kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 6000 kwa mizigo ya kawaida ya ndege, au kwa 5000 kwa kampuni nyingi za vifurushi vya haraka. Wanachukua namba iliyo kubwa kati ya hiyo na mizani.

Boksi la spika la 60 × 40 × 40 ni 96,000. Kwa 6000 ni kilo 16, kwa 5000 ni kilo 19.2. Zitoe kwenye maboksi yake ya dukani yenye picha na hewa nyingi, zipange kwenye 50 × 35 × 30, unapata 8.75 au 10.5. Mzigo ni ule ule, bei karibu nusu. Kwa beringi hesabu hii inageuka: ni nzito na ndogo, unalipia mizani tu, na hapo basi linashinda kwa mbali.

Betri ndizo zinazokwamisha mizigo ya mafundi simu. Betri za lithiamu zisizokuwa ndani ya kifaa haziruhusiwi kama kago kwenye ndege za abiria, kanuni ya kimataifa tangu Aprili 2016. Pawabenki inahesabiwa kama betri yenyewe, kwa hiyo nayo haipandi kama kago. Betri iliyomo ndani ya simu ni jambo jingine, inakubalika kwa masharti ya ufungaji na lebo. Anayeandika "spea za simu" na kuficha betri chini anasababisha boksi zima lizuiwe kwenye mashine ya kukagulia, na vioo vya watu vinakaa humo humo. Tenganisha: betri zipite barabarani.

Posta_na_Mimi
EMS inasemwa vibaya kwa kosa ambalo mara nyingi linaanzia kwa mtumaji: anwani. "Nyakato, karibu na sheli" siyo anwani. Tumia anwani ya makazi, yaani jina la barabara au mtaa, namba ya nyumba na postikodi. Ina tarakimu tano, na za Mkoa wa Mwanza zinaanza na 33. Namba iko kwenye kibao cha nyumba, au uliza ofisi ya mtaa. Ukitoa namba ya sanduku tu, usishangae mzigo ukisubiri kaunta badala ya kuletwa.

Jambo la pili ni namba ya kufuatilia. Ina herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili. Inayoanza na E ni EMS, C ni kifurushi cha kawaida, R ni rejista. Herufi za mwisho ni nchi ilikotoka, kwa hiyo TZ kwa za ndani na CN kwa za China. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, na unaweza kuihakiki mwenyewe kabla ya kumlaumu mtu. Zidisha nane za kwanza kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, jumlisha, gawanya kwa 11, toa baki kwenye 11. Mfano 12345678: jumla ni 204, baki ni 6, jibu ni 5, basi namba kamili ni 123456785. Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5. Muuzaji wa mtandaoni akikutumia namba isiyokubali hesabu hii, kuna tarakimu imekosewa, au namba ni ya kubuni.

Mama_Vitenge_Rufiji
Ndugu Posta, na mzigo wa China unaoonyesha "umefika Tanzania" wiki nzima bila kusogea?

Posta_na_Mimi
Mama, hapo uko Dar kwa ukaguzi wa forodha, haujaanza safari ya Mwanza. Kinachoufungua ni ankara inayoeleza kitu, idadi na bei halisi. Ankara ya dola 5 kwa vitenge vya dola 200 ndiyo inayokukalisha, kwa sababu TRA wanathamini upya. Hesabu ushuru wa forodha kwa aina ya bidhaa, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Tuma ankara na risiti ya malipo kabla hujaombwa.

Dada_wa_Nansio
Kwa Ukerewe kuna njia mbili halali. Ya kwanza ni meli kutoka bandari ya Mwanza mpaka Nansio; MV Butiama inabeba abiria 200 na mizigo tani 100. Ya pili ni barabara mpaka Kisorya kupitia Bunda, kisha kivuko cha Rugezi. Meli ina makabidhiano mawili, barabara ina matatu au manne. Kwa vioo chagua meli.

Mtumbwi wa mizigo wa mwaloni Kirumba utaambiwa ni wa haraka, lakini hakuna risiti na maji ya chini ya mbao hayakosekani. Ukilazimika, weka kila kitu ndani ya nailoni nzito iliyofungwa kwa moto au fundo la kugeuza, ndipo kwenye sandarusi.

Mzigo wa basi ukifika usiku Nyegezi, usiupe bodaboda usiyemjua auwahishe melini. Mwambie mpokeaji wa Mwanza aufungue, apige picha, aufunge upya. La sivyo ukifika Nansio umevunjika, basi litasema ni meli na meli itasema ni basi.

Spea_Nyakato
Wabeja sana dada. Na Bukoba? Kuna mteja huko.

Karani_wa_Stendi
Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko. Basi la Mwanza kwenda Geita na Bukoba sasa halisubiri ng'ambo. Meli ya MV Victoria ya Mwanza–Bukoba ni nzuri kwa mzigo mzito, tani 200 inabeba, lakini haiondoki kila siku. Ukikosa siku yake, basi limeshafika na kurudi.

Kilo_na_Ujazo
Nipinge kidogo hapo juu, kuhusu vioo kupanda basi. Kwa vioo vya bei kubwa chini ya kilo 5, ndege ya Dar–Mwanza bado inashinda, kwa sababu mikono ni michache. Basi ni rahisi mpaka kioo cha kwanza kinapopasuka.

FundiVioo_Makoroboi
Kweli, ila mzigo wa ndege unaukuta ofisi ya kago uwanjani, siyo nyumbani. Beba kitambulisho halisi chenye jina lile lile la kwenye hati. "Baba Neema" hapati mzigo.

Spea_Nyakato
Na ukipotea kabisa? Wengi huishia kupiga kelele dirishani.

Posta_na_Mimi
Andika. Barua au ujumbe wenye tarehe, namba ya risiti, thamani, na nakala ya ankara ya ulichonunua, upeleke kwa kampuni wakupigie muhuri wa kupokea. Wasipotatua, peleka nakala TCRA, mamlaka ya mawasiliano inayosimamia pia posta na vifurushi; ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza. Kusafirisha vifurushi kunahitaji leseni yao, na hilo linawahusu wenye mabasi pia. Kabla ya kutuma geuza risiti usome nyuma: nyingi zinaweka kikomo cha fidia mahali pasipoonekana, na ukikaa kimya bila kutaja thamani, hicho ndicho utakacholipwa. Mwambie karani aandike thamani mbele, kwa tarakimu na kwa maneno.

Karani_wa_Stendi
Na ukifika kuchukua, fungua pale pale kabla ya kusaini daftari. Karani akisema kuna foleni, sogea pembeni, fungua, rudi usaini. Ukishasaini "umepokelewa salama", barua yako haina nguvu tena.