Mwimbaji wa mbele wa bendi ya roki: ni sauti au vituko?

MpigaKopi_Dar
Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni mwimbaji wa bendi ya hotelini hapa Dar. Siku nyingine tunapiga dansi na zilipendwa, lakini Alhamisi meneja anataka roki tupu kwa sababu wateja wa usiku huo wengi ni wageni. Tunapiga kopi za Queen, U2, AC/DC, na Linkin Park kidogo. Sauti ninayo, hilo hata wabaya wangu hawalipingi. Sasa mpiga gitaa la solo wetu kaanza maneno: eti naganda jukwaani, eti roki inataka mtu wa kuruka na kugaragara, na kwamba kuna kijana amempata anayeruka vizuri. Nimemwona huyo kijana. Anaruka kweli. Kuimba ndio mtihani.

Nataka hoja, sitaki pole. Mwimbaji wa mbele anakuwa mkubwa kwa lipi hasa? Na haya mambo ya jukwaani mtu anaweza kujifunza ukubwani? Nimeshavuka arobaini na goti moja si zima.

Roka254
Sauti, kwisha maneno. Sisi tuliosoma sekondari Nairobi miaka ya 2000 tulimjua Chester Bennington wa Linkin Park kwenye CD za kuchomwa, kabla hatujaona hata video yake moja. Hatukujua kama anaruka ama ameketi. Ule ukelele wake, unadhani koo limepasuka kumbe bado yuko ndani ya noti, ndio ulitushika. Alipofariki Julai 2017, Linkin Park walikaa hadi 2024 ndipo wakamleta Emily Armstrong. Kama ingekuwa ni vituko, wangempata mwingine wiki iliyofuata.

FundiMitambo
Nimekaa nyuma ya miksa tangu enzi za spika za mbao, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa mitambo.

Kwanza, kuruka si kazi ya mwimbaji. Mtazame Liam Gallagher wa Oasis: mikono nyuma, maiki kaiweka juu kuliko mdomo, kidevu kimeinuka, hasogei. Na viwanja vinajaa. Yule amesimama kwa makusudi. Wewe huenda unasimama kwa sababu hujui uende wapi, na watu wanaiona tofauti hiyo hata wakiwa meza ya mwisho kule karibu na choo.

Kazi yenyewe ni kuimbisha watu. Basi. Mtu aliyeinuka kwenda kuchukua soda ajikute anaitikia. Nenda YouTube umtafute Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, pale kwenye tamasha la hisani la Live Aid, uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985. Weka simu mbali, tazama kikazi. Jua bado halijazama, kwa hiyo taa hazimsaidii kitu. Jukwaa si la Queen, mapambo hakuna, wanazo dakika kama ishirini tu, na watu elfu 72 wameshasimama tangu mchana wakitazama bendi nyingine. Anaingia mbio na fulana nyeupe na jinzi, anakaa kwenye piano ambayo juu yake vimepangwa vikombe vya Pepsi, anaanza Bohemian Rhapsody. Kipande tu, ile sehemu ya kwaya hawaigusi kabisa. Kisha inaingia Radio Ga Ga, ameshaachana na piano, na kwenye kiitikio uwanja mzima mikono juu, makofi mawili mawili. Hakumwomba mtu.

Sasa uje pale bendi inaponyamaza. Yuko yeye na maiki peke yao. Anatoa sauti, wanairudisha. Anapandisha, wanairudisha. Anavuta noti moja ndefu mpaka unajiuliza atavuta pumzi wapi, wanajaribu nao. Wewe mwangalie anafanya nini WAKATI WAO WANAIMBA. Anasubiri. Anawaacha wamalize. Mwimbaji mwoga hawezi nusu sekunde ya ukimya, ataijaza na "mko waaapi", "mikono juu", "sijawasikia". Huo ugonjwa nimeushuhudia kwenye kumbi nyingi na hauna dawa kwenye miksa, maana nikimshusha sauti ananitolea macho.

Tena usidhani alikuja kubahatisha. Siku chache kabla walifanya mazoezi ya dakika zile zile Shaw Theatre, London. Watu waliokwisha kuwa na majina, wanafanyia mazoezi nyimbo walizozipiga miaka na miaka!

Siku hiyo hiyo Bono wa U2 alipita njia nyingine. Katikati ya wimbo Bad akashuka jukwaani, akamfuata msichana kwenye umati, akacheza naye. Wenzake juu hawamwoni, wanazungusha wimbo tu. Ukaenda kama dakika 12 na wimbo wa tatu waliopanga kuupiga ukakosa nafasi. Walimkasirikia. Leo watu wanachokikumbuka kwa U2 siku ile ni hicho hicho. Lakini wewe na goti lako, baki juu.

Roka254, sauti ni lazima, sibishi. Ila Adam Lambert ambaye anaimba na Queen siku hizi ana sauti ya kutisha, na bado ukifika wakati wa kuimbisha wanaweka video ya Freddie kwenye skrini. Kwenye kufunga Olimpiki ya London 2012 walifanya hivyo hivyo: mtu aliyefariki 1991 akauimbisha uwanja mzima, nao wakaitikia. Hiyo sauti peke yake haifanyi.

Binti_Shangani
Nyie wa bara mnamtaja Freddie utadhani katokea London. Kazaliwa hapa Unguja 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi wa Gujarat, baba ake keshia wa serikali ya Mwingereza. Kapelekwa skuli India, Panchgani, na huko ndiko alikoanza bendi na wenzake wa skuli. Alikuwa akipiga piano. Familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Siku hizi lipo jumba la makumbusho yake hapa Shangani, wageni wanapanga foleni ya picha mlangoni mpaka hupiti na kikapu chako.

Lakini nilotaka kumwambia kaka muuliza swali ni hili. Yule bwana kazaliwa na meno manne ya ziada, ndo maana mdomo ule. Hakukubali kuyang'oa kwa kuogopa sauti yake itabadilika. Mtazame kwenye mahojiano: mara kwa mara anauficha mdomo, kwa mkono au kwa kuubana. Na walokuwa nae karibu wanasema nje ya jukwaa alikuwa mtu wa haya. Basi mwenye haya ndie aloimbisha Wembley. Kwa hiyo usiambiwe mambo haya mtu huzaliwa nayo.

MpigaKopi_Dar
Dada Binti, ahsante, hilo la haya limenigusa. Fundi, nifanye nini Alhamisi? Niambie vitu vya kushika. "Imbisha watu" najua, ila nianzie wapi?

FundiMitambo
Anza na stendi. Ile fimbo aliyokuwa akiishika Freddie jukwaani ni nusu ya juu ya stendi ya maiki. Ilikatika akiwa kazini miaka ya mwanzo ya bendi, akaona inamfaa, akaendelea nayo. Kwako ni nzuri kwa sababu inaupa mkono kazi na unaweza kuiegemea kidogo goti likilalamika.

Maiki: sehemu za chini isogeze mpaka vidole viwili kutoka mdomoni, ukipandisha iondoe nyuma. Usiikumbatie kichwani kama wale vijana wa rap, itapiga mluzi halafu lawama aje kubeba fundi wenu.

Halafu chagua wimbo MMOJA tu wa kuimbisha, na kiitikio kiwe chepesi kiasi kwamba hata mpishi akisikia jikoni anakijua. Mwambie mpiga drams aendelee na wengine wote wanyamaze. Imba mstari, ondoa maiki mdomoni, hesabu kimoyomoyo mpaka watu wamalize. Wakiitikia watatu, wafuate hao watatu kwa macho. Usiwagombeze walionyamaza, wanakula.

Roka254
Sawa Fundi, nimekubali nusu. Lakini ndugu yetu mmesahau kumpa silaha yake. AC/DC si mnapiga? Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980, Brian Johnson akaingia, na mwaka huo huo wakatoa Back in Black. Brian anafanya nini jukwaani? Kofia kichwani, anashika maiki, anaimba. Anayekimbia, kugaragara na kuruka na mguu mmoja huku amevaa sare ya shule na kaptula ni Angus Young. Na Angus anapiga nini?

MpigaKopi_Dar
Solo! 😂 Roka, Mungu akuzidishie. Nimeshamtumia picha ya Angus na ile kaptula, nimemwuliza kiuno chake namba ngapi ili nimtafutie ya kwake Kariakoo kabla ya Alhamisi. Ameisoma, hajajibu. Meneja kajibu, anasema kama ni kaptula, bendi nzima ijinunulie, hotelini hakuna bajeti.