Hii lebo ya 13+ kwenye tamthilia za upelelezi ni usanii mtupu, na nyie mnaoandika "inafaa tu" mnatuponza

Wakuu, nimekaa na hii hasira siku tisa nzima, nimejaribu kuimeza imekataa kushuka, kwa hiyo leo naimwaga hapa. Mods tafadhali msiuhamishie uzi kule kwenye burudani, maana hauna burudani yoyote.

Iko hivi. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 15, mdogo 11. Wote wamenogewa na tamthilia za upelelezi, zile maiti inakutwa dakika ya pili, alama za vidole, maabara, mshukiwa wa kwanza siye, wa pili siye, wa tatu ndo mwenyewe. Likizo ilipofika wakaniletea moja, mama tunaomba hii, darasani kila mtu ameshaiona (hao watu wa darasani ipo siku nitawatafuta mmoja mmoja). Sasa mimi si mzazi wa kuitikia tu. Nikaangalia lebo, 13+, na chini yake maneno mawili, "vurugu, lugha". Nikajisemea huyu wa 11 hajafika ila nitakaa naye. Nikasoma maoni ya watu, wamejaa wanaosema haina damu nyingi, haina matusi, haina mambo ya chumbani, inafaa tu kwa familia. Nikaangalia na trela. Nikakaa nao episodi ya kwanza mwanzo mpaka mwisho bila kushika simu, na kweli ilikuwa safi, wizi wa benki, wapelelezi wawili wanataniana muda wote, nikacheka mwenyewe. Ya pili poa. Ya tatu nikawa naingia natoka. Ya nne nikawaachia.

Episodi ya sita ndo ilimmaliza mwanangu mdogo.

Naieleza, asiyetaka spoila aruke. Kuna msichana mdogo anapotea na episodi nzima ni kumtafuta. Hakuna damu hata tone, hakuna tusi, hakuna hata mtu anayepigwa kofi. Kuna rafiki wa familia, yule wa kuingia bila kubisha hodi, anamshika mkono mama wa mtoto, anagawa picha za mtoto barabarani, analia na wenzake. Kumbe ndo yeye aliyemchukua. Na mtoto alimfuata kwa miguu yake mwenyewe kwa sababu anamjua, anaonyeshwa anapanda gari huku anatabasamu, kamera inaganda kwenye uso wake mpaka mlango unafungwa. Basi, hawaonyeshi kingine. Mwisho jamaa anavishwa pingu, mpelelezi anafunga faili, anaangalia dirishani, muziki, majina yanapanda, na kabla hujavuta pumzi, episodi ya saba inaanza yenyewe kwa utani wa wale wapelelezi wawili kama vile hakuna kilichotokea.

Siku ya pili yake mjomba wake, kaka yangu wa tumbo moja, amekuja kumchukua kumpeleka mpirani kama kila wiki. Mtoto hapandi gari. Tumbo linauma. Wiki hiyo hiyo akaja tena, mtoto kajifungia chooni. Usiku naamka namkuta kwenye korido anakagua komeo la mlango, analivuta, anarudi kitandani, dakika kumi tena huyo. Nikadhani ni shule, nikadhani kuna mtu anamwonea, nimeuliza mpaka nimechoka. Siku ya sita ndo akafunguka, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Mama, hata yule walikuwa wanamwamini."

Mnajua kumwambia kaka yako kwamba mtoto anayemlea kama wake sasa hivi anamwogopa? Nilimwambia. Alinyamaza, akasema sawa, atakuwa anakuja kunisalimia mimi tu kwanza. Sijawahi kuona mtu mzima ananywea namna ile.

Sasa nirudi kwa hawa wabandika lebo. Mtu aliyeandika 13+ alikuwa anahesabu nini? Maana najua wanachohesabu, ngumi ngapi, risasi ngapi, tusi gani limetajwa mara ngapi, nguo imevuka wapi. Vitu vya kuhesabika. Ile sura ya mtoto anayetabasamu akipanda gari haihesabiki, kwa hiyo kwao ni sifuri. Mtu anatukana mara tatu kwenye tamthilia ya kuchekesha, lebo inapanda, mtoto anaibwa na mtu wa nyumbani kwa dakika arobaini, lebo imekaa pale pale.

Na msidhani kuna wazee wenye hekima wamekaa mahali wanaangalia kila kitu kwa niaba yetu. Chukua Marekani, hizi lebo za TV kule zilianza 1997, TV-PG (mzazi aongoze), TV-14 (miaka 14 kwenda juu), TV-MA (ya wakubwa) na wenzao, na wanaozibandika ni vituo na makampuni yenyewe ya vipindi. Mwenye duka ndo anajipimia mzani! Alafu wakaja na ile chipu V, kuanzia 2000 kila TV mpya ya inchi 13 kwenda juu ilitakiwa iwe nayo, mzazi anaweka namba ya siri, TV inazuia. Safi kabisa, ila chipu yenyewe inasoma nini? Inasoma lebo. Lebo ikidanganya na chipu inadanganyika. Uingereza wana saa tatu usiku, kabla ya hapo TV za kawaida haziruhusiwi kurusha mambo ya wakubwa, sawa, lakini mtoto mwenye apu kwenye simu kwake saa nne asubuhi na saa tano usiku ni kitu kimoja.

Wanaonikosha mimi ni Waholanzi. Wana mfumo unaitwa Kijkwijzer toka 2001, pamoja na umri wanaweka na vipicha, na humo ngumi ni ya vurugu, ila hofu ina picha yake peke yake, mdudu buibui. Yaani wamekubali kwamba kitu kinaweza kuwa hakina ngumi hata moja na bado kikamtoa mtoto usingizi. Ningeona buibui pale chini ya 13+ ningekaa kwenye kochi mpaka episodi ya mwisho, wallahi.

Kitu kingine watu hawakielewi ni umri wenyewe. Wengi wanadhani mtoto akishakua kidogo woga unapungua tu, kama nguo inavyobana. Mtoto wa miaka minne mitano anaogopa sura, mpake mtu rangi ya kijani muwekee meno marefu analia, mwambie ni rangi tu haimsaidii sana. Huyu wa kumi kumi na moja zimwi analicheka. Yeye anaogopa kinachowezekana. Sasa tamthilia ya upelelezi kazi yake yote ni kukuaminisha kwamba inawezekana, nyumba kama yenu, jirani kama wenu, jina la kawaida, na ikiwa imetengenezwa vizuri ndo inazidi. Kwa hiyo wewe unayeniambia "hii si ya kutisha, haina mazimwi" umekosea mlango kabisa. Kuna profesa mmoja Marekani, George Gerbner, tangu miaka ya 1970 alikuwa anasema anayeangalia TV sana huishia kuiona dunia ina hatari kuliko ilivyo. Wataalamu wenzake wamembishia mpaka kesho kuhusu ukubwa wa hilo jambo, mimi siingilii, nina komeo linalokaguliwa mara nne usiku.

Na mkubwa naye msimsahau. Yeye hakuogopa kitu. Yeye alinishtua upande mwingine. Episodi ya nane (nimezirudia zote peke yangu, msiniambie sijaangalia) mpelelezi mkuu anamfungia mshukiwa chumbani, anazima kamera, anamgonga kichwa mezani mpaka anasema mtoto mwingine kafichwa wapi. Na mtoto anapatikana, watu wanashangilia, mpelelezi anapigwa mabegani. Kijana wangu anasema "si alikuwa na hatia bana". Nikamuuliza na angekuwa hana? Akasema "lakini alikuwa nayo". Mnaona mtego? Tamthilia imeshakuonyesha ni yeye, kwa hiyo kipigo kinaonekana ni akili. Kwenye maisha hakuna anayekuonyesha kabla. Mtu akipigwa vya kutosha anakiri hata kitu asichokijua, na kuna watu wametumikia miaka gerezani kwa kukiri kesi ambazo baadaye vipimo vya DNA vilionyesha si wao. Lebo iliandika nini kuhusu hiyo episodi? Vurugu. Ngumi moja kwenye hesabu, imepita.

Ngoja niwahi kabla hamjaniita mama wa kupiga marufuku. Sisemi tamthilia za uhalifu ziondolewe, nazipenda, nimekua nazo. Na sisemi ikiwa nzito basi mtoto asiione. Mwaka 2025 ilitoka Adolescence, episodi nne, kijana wa miaka 13 anakamatwa kwa kumuua msichana wa shule yake. Ni nzito kuliko hii takataka yetu mara kumi, na Uingereza iliwekwa bure ionyeshwe kwenye shule za sekondari. Kwa nini? Kwa sababu mle ndani hakuna anayetoka anang'aa. Unakaa na baba wa yule kijana, unamwona anavyobomoka, mnabaki na cha kuongea mkizima TV. Mwanangu mdogo wa 11 simpi, mkubwa nampa na nakaa naye. Hiyo ndo tofauti, mauaji yanatumika kufanya nini, na nani anaachwa nayo yakiisha. Hawa wetu wanamtumia mtoto aliyepotea kama chumvi, wamenyunyiza, wamesonga mbele.

Niliwaandikia wenye apu tuliyoangalizia. Nikajibiwa, na nadhani ni roboti, asante kwa maoni yako, lebo zetu zinafuata miongozo. Nikauliza kwa nini lebo ni moja kwa msimu mzima wakati ya kwanza na ya sita ni mbingu na ardhi. Asante kwa maoni yako. Basi.

Kwa hiyo nageukia nyie mnaoandika maoni, kwa sababu nyie ni watu. Acheni kuandika "inafaa". Inafaa kwa nani, wewe unamjua mwanangu? Andika kilichomo. Andika nani anakufa na anakufaje na kama kuna mtoto, mhalifu ni mtu baki au mtu wa nyumbani, kesi inafungwa au inaachwa inaning'inia, polisi akivunja sheria anapongezwa au inamrudia, maiti inaheshimiwa au kamera inaizunguka kama bidhaa ya duka (na mbona kila mara ni mwanamke kijana, na mbona amepakwa rangi ya midomo), na episodi ipi haswa mtu aiangalie kwanza peke yake. Hayo kwa mistari mitano yangenitosha. Kelele nazo zinasaidia, msiseme hazisaidii, ile lebo ya filamu ya PG-13 Marekani ilianzishwa 1984 baada ya wazazi kulalamika kwamba lebo ya chini yake, PG, inapitisha vitu vya kutisha mno.

NYONGEZA: Naona majibu yamekuwa mengi. Wa "sisi tuliangalia hayo hayo na tuko wazima", hongera, ila wewe mwenyewe huko chini umeandika mpaka leo hulali mlango wa kabati ukiwa wazi, kwa hiyo tulia. Wa "uzembe wako, uliwaachia", hilo nakubali, ni langu, sijalikataa popote, episodi ya nne nilienda kulala kwa sababu nilichoka na nilikuwa nimeiamini lebo. Ila kazi ya lebo ni ipi basi kama anayeiamini ndo mzembe? Na aliyesema nimpeleke mtoto kwa mshauri, asante dada, tumeshapanga, wiki ijayo.

NYONGEZA 2: Jana amepanda gari la mjomba wake. Mimi nilikaa mbele, yeye nyuma, kioo cha upande wake kimeshushwa mpaka chini njia nzima na hakuna aliyemwambia akipandishe. Wanaohisi wanaijua hiyo tamthilia waje PM, jina silitaji hapa. Nataka mtu aliyeuona msimu wa pili aniambie kitu kimoja tu, yule rafiki wa familia wanaonyesha alifungwa au hatajwi tena? Maana mdogo ameniuliza na sikuwa na jibu, kwetu iliishia kwenye pingu.