Maultaschen za kazini: zina nguruwe? Na zikibaki je?

Assalaam alaykum wakubwa zangu wa Stuttgart, Ujerumani, na jirani. Niko mwaka wa kwanza wa Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya uuguzi, nyumba ya wazee. Alhamisi Kuu jikoni watapika Maultaschen, vile vifuko vya unga vinavyojazwa vitu ndani. Mpishi anasema ndani ni mchicha tu. Nile? Tena hapa chakula hubaki trei nzima kikamwagwa. Naweza kufunga kidogo nikale jioni?

—

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Ukijani usikudanganye. Mchicha upo, lakini mara nyingi umechanganywa na mkate uliolowekwa, kitunguu, mayai na nyama iliyosagwa laini, na nguruwe humo ni kawaida. Wenyewe Waswabi, wenyeji wa huku, husimulia kwamba watawa wa Maulbronn walipata nyama katikati ya Kwaresima, wakati hawaruhusiwi kuila, wakaichanganya na majani, wakaifunika kwa unga ili Mungu asiione. Sasa chakula chenye hadithi kama hiyo utakila kwa kuangalia rangi?

Dukani geuza pakiti. Ukiona Schweinefleisch (nyama ya nguruwe), Speck (nyama yake ya mafuta) au Schmalz (mafuta yake), rudisha. Jina Schwäbische Maultaschen linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2009, ila kinacholindwa ni asili yake, si uhalali wa nyama. Za mboga zipo. Hata hizo, uliza supu imechemshwa na nini, na vitunguu vya juu vimekaangwa kwa mafuta gani.

Hilo la kufunga ndilo lililonifanya niandike usiku huu. USIFUNGE. Mwaka 2009 mahakama ya kazi ya Radolfzell ilikubali kufukuzwa kwa muuguzi wa wazee wa Konstanz, mama wa miaka 58, aliyetumikia miaka 17. Kosa lake? Maultaschen sita zilizobaki. Mwajiri alikuwa amekataza kuchukua mabaki, na mahakama ikashikilia hapo. Mwaka 2010 kwenye rufaa walipatana, akalipwa euro 25,000 za kuagana na mishahara ya nyuma, lakini kazini hakurudi. Yeye alipoteza kazi tu. Wewe kibali chako cha kuishi kimefungwa na hiyo Ausbildung. Mkuu wa nyumba akiruhusu, aruhusu kwa maandishi. Neno la mpishi halitakusaidia.

—

Naongezea kwa dada yetu: pika mwenyewe, si kazi. Huku Uswabi maduka makubwa huuza unga uliokwisha kusukumwa, kwenye friji, tafuta Nudelteig. Nyama ya kusaga ya ng'ombe chukua kwa mchinjaji Mturuki. Mchicha wa barafu ukamue mpaka mkono uchoke, la sivyo zitapasuka sufuriani. Funga kama sambusa za mraba, kingo uzipake yai. Supu isitokote kwa fujo, itulie tu, kama robo saa. Za kesho yake kata vipande, kaanga na mayai. Mimi hutia na pilipili mbuzi, Waswabi wanisamehe. Saladi ya viazi ya pembeni huku hutiwa mchuzi wa nyama, kwa hiyo nayo uliza.